Kisanduku cha "Hakuna"

"Sasa huu mti ukikataa, wewe unapoteza nini?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mama mmoja wa Kisondela, amesimama katikati ya migomba yake na jembe begani. Mvua ilikuwa inanyesha. Mimi nilikuwa nimeshika kishikwambi ndani ya mfuko wa plastiki, najaribu kugusa kioo chake kwa kidole kilicholowa. Nilikuwa nimemaliza kumuuliza maswali yangu yote, ukurasa baada ya ukurasa, naye aliuliza moja tu. Nikamwambia mimi ni mtafiti tu, nahesabu miti.

"Hakuna mtu 'tu'," akasema. "Hata kuku akiingia uani ana anachokitafuta. Haya, nesi wa miti, endelea. Ila usihesabu kwa halaka."

Nilicheka, nikainama kwenye mche uliofuata. Tangu siku hiyo, kila nilipopita Kisondela, watu waliniita nesi wa miti.

Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Mhadhiri mmoja aliyenifundisha chuo kikuu alikuwa na utafiti wa parachichi. Kampuni inayouza miche iliyobebeshwa, ile ambayo kikonyo cha mti wa kisasa huunganishwa kwenye shina la parachichi la kienyeji, ilikuwa imegawa miche kwa wakulima wa kata chache za Rungwe. Sisi tulitakiwa kuona ni mingapi itakuwa hai baada ya misimu miwili ya mvua na baridi ya katikati yake. Yeye alikuja Tukuyu mara moja kwa mwezi, mara nyingine asije kabisa. Mimi ndiye niliyekuwa nikitembea.

Aliniahidi kwamba makala ikichapishwa jina langu litakuwa la pili, baada ya lake. Nilikuwa nimeomba nafasi ya kusoma shahada ya uzamili mara mbili na kukataliwa mara mbili, na barua zote mbili zilisema kwa adabu ileile kwamba sina chapisho. Kwa hiyo kila nilipopanda mlima na viatu vimejaa tope nilikuwa najua ninakokwenda. Nilikuwa naondoka.

Nilitaka kuondoka kwa sababu nilikuwa peke yangu. Wenzangu wa chuo walibaki Dar es Salaam na Mbeya, na kundi letu la kwenye simu lilikuwa limegeuka kuwa mahali pa kutakiana heri za kuzaliwa. Nyumbani, vijana wa kanisani waliwahi kunikaribisha kwenye kikao chao. Nikauliza kwa nini tunachangia paa la nyumba ya mchungaji kabla ya paa la darasa la watoto, na nikauliza tena baada ya kujibiwa. Wakaanza kuniita Profesa. Waliniita hivyo kwa upole, tena wakitabasamu, lakini mtu akishaitwa Profesa na rika lake hatafutwi tena kwenye kamati ya harusi. Nilijua kwamba kuuliza kunanigharimu watu. Sikujua namna ya kuacha.

Tulikuwa wawili nyumbani, mimi na mama. Baba ana maisha yake mengine huko Chunya. Mama ana kitalu cha miche pembeni ya barabara ukitoka mjini kuelekea Lufingo, chini ya kivuli cha matete, viriba vyeusi vya miche vimepangwa mistari kama wanafunzi wa gwaride. Ana parachichi, kahawa kidogo, na miti ya mbao. Parachichi anazibebesha mwenyewe. Anachonga kikonyo kwa kisu kidogo, anakiingiza kwenye shina, kisha anafunga kwa kipande cha plastiki ili maji yasipenye. Wengine hununua utepe maalumu. Mama alikata vipande kwenye koti langu la mvua la shule, la bluu, kwa sababu, alisema, plastiki ile inavumilia mvua na haiumi gome. Nilipolikuta koti langu limebaki mikono tu nililalamika. Alinijibu kwamba mimi nimeshakua, na miche bado.

Mama si mtu wa maneno mengi. Akifurahishwa nawe anakuongezea chakula kwenye sahani. Tulikula mbalaga, ndizi zetu za kupika, na mtindi jioni kwa jioni, redio ikiongea kwa niaba yetu.

Kabla ya kuingia mashambani nilipewa fomu ya ridhaa niitafsiri, ile ambayo mkulima husomewa kabla ya kukubali kuhojiwa. Kwa Kiingereza ilisema kampuni fulani imegharamia miche na safari za utafiti. Nikatafuta neno fupi, nikaandika "mfadhili". Ndilo neno letu. Liko kwenye kila kibao cha kisima na kwenye kila choo cha shule. Sikulifikiria hata kidogo, mimi ninayefikiria kila kitu. Lakini mfadhili ni mtenda fadhila, na fadhila hairudishiwi lawama. Mtu akishasikia kwamba aliyemletea mti ni mfadhili, ameshajua jibu la adabu la kila swali litakalofuata.

Na walinijibu kwa adabu. Mti unaendeleaje? Vizuri sana, ndaga fijo, asante sana. Kuna kasoro yoyote umeiona? Hakuna, tunashukuru. Wadudu? Mzee mmoja wa Masoko, shamba lake likiwa juu kidogo ya ziwa, alinijibu swali la wadudu kwa kuuliza kama mfadhili mwenyewe hajambo na kama ana watoto. Nikaandika: hakuna wadudu.

Miti yenyewe ilikuwa hai. Karibu yote. Nilihesabu nikakuta kumi kati ya kumi, shamba linalofuata kumi tena, kisha tisa, kisha kumi. Mwanzoni nilifurahi. Halafu nikaanza kusumbuka, maana nimekulia kwenye kitalu na najua miche ilivyo na hila. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba huku kwetu huchoma majani kama maji ya moto. Nilimpigia yule mhadhiri, dokta, tulikuwa tukimwita hivyo sote, nikamwambia matokeo ni mazuri kupita kiasi. Akasema ndiyo sababu watu wanafanya utafiti, ili washangae.

Basi ukafika mwezi wa kuandika. Dokta alikuja, tukakaa kwenye chumba tulichopanga nyuma ya duka moja mjini, yeye amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba kwa sababu ya baridi yetu. Makala ilikuwa karibu imekamilika. Lilibaki shamba moja moja la kurudia na fomu ya jarida. Aligeuza kompyuta yake nione. Swali lilikuwa moja: je, kuna mwandishi yeyote mwenye uhusiano, wa fedha, wa kazi au wa familia, ambao msomaji angeweza kudhani umeathiri matokeo? Chini yake palikuwa na visanduku viwili. Kimoja kilisema "Hakuna", kingine "Upo, eleza". Alikuwa ameshaweka alama kwenye "Hakuna", kwa niaba yetu wote wawili.

"Dokta, miche ilitoka kwa kampuni," nikasema.

"Nimesema. Angalia ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani."

"Kushukuru si kutangaza."

"Nimewataja kwa jina mbele ya dunia nzima. Unataka nipige magoti?"

Nikamwambia mtu anayesoma shukrani anasoma adabu, na mtu anayesoma tamko la maslahi anasoma kwa jicho la pili. Vitu hivyo viwili havikai chumba kimoja. Akasema maslahi gani, yeye ni mtumishi wa umma, na kama ningeiona hati yake ya mshahara nisingethubutu kuiita maslahi. Alikuwa anatania, lakini nusu yake aliamini hivyo. Kwetu neno hilo tunalisikia walimu wanapodai nyongeza na madaktari wanapolalamika. Maslahi ni kile ulichonyimwa. Ni vigumu kumwambia mtu aliyechoka kwamba anayo.

Nikamkumbusha kwamba kila likizo huwa anakwenda kuwafundisha maofisa wa shamba wa kampuni ileile. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena.

"Haya," akasema. "Tuandike. Lakini tuanze na wewe. Mama yako pale barabarani anauza nini, vitumbua?"

Alikuwa amewahi kupita kwetu, mama akampa ndizi mbivu za kuondoka nazo. Alikuwa ameuona ule mstari wa parachichi. Ni aina ileile ya parachichi tuliyokuwa tukiihesabu. Makala ikisema aina hii haifi Rungwe, watu watakwenda kununua wapi? Nilikuwa najua majina ya kila aina ya upendeleo unaoweza kuharibu utafiti, nimeyakariri kwa ajili ya mtihani, na huu mmoja ulikuwa ukinichemshia chai kila asubuhi. Sikuwa nimeuona.

Yeye hakutaka kunishinda zaidi ya hapo, akasema nikamalize mashamba yaliyobaki, kisha tutaamua juu ya visanduku.

Shamba la kwanza nililorudia lilikuwa la yule mama wa Kisondela. Siku hiyo hapakuwa na mvua, ni ukungu tu uliolala juu ya migomba. Nilichuchumaa kwenye mti wa tatu nipime unene wa shina. Chini kabisa, pale kikonyo kilipounganishwa na shina, nikaona utepe wa bluu, umekaza, umeanza kumezwa na gome.

Nilijua ulivyokatwa. Nilijua hata fundo lake, kwa sababu mama hufunga kwa kurudisha ncha chini mara mbili, na mimi nimefunga mafundo hayo tangu sijaanza shule. Nikatembea hadi mti wa saba. Bluu tena.

Dokta alikuwa amesisitiza kwamba maswali yote yaulizwe kwa Kiswahili, shamba kwa shamba, ili majibu yalingane. Mimi na yule mama tungeweza kuongea Kinyakyusa kama ningekuwa nimekuja kusalimia tu. Nikamuuliza kwa Kiswahili, kama karani, kama mti ule ni uleule wa mwanzo.

"Ule ulikufa," akasema, bila kusitasita. "Baridi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Mtu akikupa ndama, ndama akafa, unamwita aje aone mzoga? Unatafuta ndama mwingine wa rangi ileile, unamfunga palepale. Ni adabu, mwanangu. Mti wa mfadhili ufie kwangu mimi?"

"Na huu uliupata wapi?"

"Tulichukua kwa mama yako. Wengi wa huku. Kwani hakukwambia?"

Aliniuliza hivyo akiwa ananitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya kwenda kwao. Nikafungua kishikwambi, kwenye nafasi ya maelezo ya ziada, nikaandika: mkulima alinunua miche ya kujazia kwa mama wa mtafiti.

Nilizunguka tena kwa wiki nzima. Nilipouliza moja kwa moja, walikubali bila aibu, na wengine kwa fahari, Kisondela na Masoko pia. Hakuna aliyedhani amedanganya. Walikuwa wameitunza zawadi. Na hakuna aliyekumbuka sawasawa ni miti mingapi, kwa sababu ukishajazia pengo unalisahau, ndiyo faida yake.

Nilimkuta mama mchana anajaza udongo kwenye viriba, amekaa kwenye kigoda, miguu imenyooka. Nitaandika maneno yetu kwa Kiswahili, ingawa kati yetu hatukitumii. Nilisimama mbele yake na mkoba bado mgongoni.

"Mama, watu wa Kisondela walikuja kwako kuchukua parachichi?"

"Walikuja."

"Na wa Masoko?"

"Walikuja. Kuna ubaya?"

Nikamweleza. Nilijitahidi kueleza vizuri, kwamba tulikuwa tunahesabu miche ya kampuni, kwamba uliokufa ni sharti uhesabiwe umekufa, kwamba sasa sijui nilihesabu nini. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mmoja ndani ya ndoo ya udongo.

"Miti imekufa?"

"Haijafa. Ndiyo ubaya wenyewe."

Akacheka. Mama hacheki mara nyingi. "Nimekusomesha miaka yote hiyo," akasema, "uje kulilia miti iliyo hai."

Kama ningecheka naye pale, nadhani mengi yangekwenda tofauti. Lakini nilikuwa naiona ile makala inavyoondoka, na mimi nikibaki kwenye ule ua, kwenye ule ukungu, nikihesabu viriba. Nikasema, "Kwa hiyo uliwauzia. Umeuza kazi yangu, mama."

Aliacha kucheka. Akachukua kiriba kingine, akakifungua mdomo kwa vidole viwili, akaanza kukijaza.

"Nilikuwa na miche," akasema. "Wao walikuwa na mashimo."

Sikumuuliza zaidi. Nimeuliza maswali mbele ya wahadhiri, mbele ya wachungaji, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na wajumbe wake. Pale mbele ya kigoda cha mama nilikuwa na hakika, na mwenye hakika haulizi.

Nilimwandikia dokta yote. Alinipigia kesho yake.

"Umenitumia makaburi," akasema. "Kila mti sasa nauona una kaburi chini yake."

Kisha akaongea taratibu, kama mtu mzima na mtoto wake. Akasema miti tuliyoihesabu ilikuwepo. Hatukubuni hata mmoja. Tuliona kumi tukaandika kumi, na hakuna sheria inayomtaka mtafiti afukue. Akasema jarida litanitumia kiungo changu mwenyewe, kila mwandishi hutia saini yake, na yeye hawezi kunishika mkono. Nikibonyeza "Hakuna", makala inakwenda kama ilivyo, jina langu la pili, na barua ya kuniombea nafasi ya uzamili ataituma wiki hiyohiyo. Nikibonyeza kile kingine, sharti nieleze, na nikieleza habari ya mama sharti nieleze na miti ilivyofika, na nikieleza hayo hakuna makala. "Sikutishi, binti yangu," akasema. "Nakuonyesha tu mlango ulipo." Nilimwamini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka niondoke Tukuyu kama nilivyotaka mimi.

Kiungo kilikuja. Nilikaa nacho siku mbili. Siku ya kwanza niliandika hoja za kubonyeza "Hakuna" na zilikuwa nzuri. Swali linauliza uhusiano ambao msomaji angeweza kudhani umeathiri matokeo, na ni msomaji gani, huko aliko, atakayejua kitalu cha barabara ya Lufingo? Nilitafuta mtu wa kuzungumza naye. Kwenye lile kundi la simu niliandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Wenzangu walikuwa wanapanga sherehe ya mtu. Nikamfikiria mmoja wa vijana wa kanisani, nikaona nitakavyoanza kumweleza jarida ni nini, na tamko ni nini, na kwa nini mti hai ni tatizo, na yeye atakavyosema, kwa upole, Profesa.

Siku ya pili, asubuhi, nilikaa barazani ambapo mtandao hushika. Mama alikuwa kwenye kitalu amenipa mgongo. Nikabonyeza "Upo, eleza". Niliandika kwamba miche ilitolewa na kampuni inayoiuza na kwamba mwandishi wa kwanza huwafundisha maofisa wake. Niliandika kwamba mama wa mwandishi wa pili ana kitalu kinachouza aina hiyohiyo ya parachichi katika eneo la utafiti, na kwamba miti ya kujazia, idadi yake haijulikani, ilinunuliwa kwake. Nilisoma mara mbili kutafuta makosa ya sarufi. Nikatuma.

Hapo ukaja ukimya. Dokta hakupiga simu. Mkataba wangu uliisha bila mtu kuniambia umeisha. Kile chumba cha nyuma ya duka kikapangwa na fundi cherehani, na nikipita nilisikia mashine yake pale tulipokuwa tunasikia mvua. Nyumbani tulisalimiana, mama akapakua, tukala. Hakunikasirikia, au kama alinikasirikia alinificha. Alianza tu kunipakulia kiasi cha kawaida. Labda nilikuwa naona visivyokuwepo, lakini mimi ni mtu wa kuhesabu, na niliona.

Msimu wa mvua ulikuwa umepita karibu wote ndipo nikapata barua pepe. Ilikuwa na mstari mmoja: "Umenishinda kwa ubishi, si kwa hoja. Soma." Chini yake kulikuwa na makala mpya, fupi, nusu ya ile ya kwanza. Dokta aliifuta hesabu yote ya miti hai. Aliandika kwamba kiasi cha miche kilichopona hakikuweza kujulikana, kwa kuwa wakulima walijazia mapengo kwa heshima ya mtoaji, na kwamba fomu ya ridhaa yenyewe, kwa kumtaja mtoaji kama mfadhili, huenda ilichangia. Neno langu lilikuwa limewekwa ndani ya alama za kunukuu, mbele ya dunia nzima. Tamko la maslahi lilikuwa lilelile nililoliandika, hakugusa hata koma. Jina langu lilikuwa la pili.

Ilichapishwa. Nilikwenda steshenari mjini nikaitoa kwenye karatasi, kurasa chache zikiwa bado na joto la mashine, na nilipotoka nje nikagundua sina mtu wa kumwonyesha. Nilitembea hadi nyumbani kwa miguu.

Nilimwonyesha mama. Aligeuza kurasa, akagusa jina langu kwa kidole alichofuta kwanza kwenye kanga. Aliuliza kama na yeye wamemwandika. Nikasema ndiyo, hawakutaja jina, wameandika mama wa mwandishi wa pili. Akataka nimsomee. Nikafungua mwisho, nikamtafsiria polepole, kampuni, dokta, kitalu, aina hiyohiyo ya parachichi.

"Na miti ya kujazia ilinunuliwa kwake," nikamalizia.

"Soma tena hapo."

Nikasoma tena.

Mama alinitazama kidogo, kisha akatazama barabarani, ambako bodaboda ilikuwa inapandisha mlima na mikungu miwili ya ndizi nyuma. "Haya," akasema. "Kama ndivyo mlivyoandika." Akanirudishia karatasi, akaenda kumwagilia, ingawa mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Nafasi ya uzamili nilipata mwaka uliofuata. Nikasoma, nikamaliza, nikapata kazi ya kufundisha Mbeya. Nimekuwa mtu anayeitwa kuzungumza na wanafunzi juu ya kutangaza maslahi, na nikifika kwenye kisa changu huwa nakieleza vizuri, kwa utulivu, na wao huandika. Mwenzangu mmoja ofisini aliniambia kisa hicho kimenipa sura ya ujasiri. Niliendelea kula chakula cha mchana peke yangu.

Ilikuwa likizo, mama amekwenda kwenye msiba wa ndugu yetu, mimi nimekaa kwenye kigoda chake nikilinda kitalu. Akaja mwanamume wa makamo kutoka Masoko, akasalimia, akasema anataka parachichi sita. Nikamtajia bei. Alikuna kichwa, akacheka kidogo kwa haya, akasema alidhani bado inatolewa kama wakati ule wa utafiti. Safari hii nilimuuliza kwa Kinyakyusa, nikamuuliza yote, moja baada ya jingine, naye alijibu akiwa ameinama anachagua viriba. Mama hakuwa ameuza hata mche mmoja katika ile ya kujazia. Alimpa bure kila aliyekuja, Kisondela na Masoko, mpaka mstari mzima wa parachichi ukaisha na mwaka ule akakosa cha kuuza, na yeye alimwomba kila mmoja jambo moja tu, kwamba mwanawe akipita kuhesabu, akute miti imesimama.